Kisiwa na Mji Wake: Juu ya Majina ya Visiwa vya Uswahilini na Majina ya Lahaja

Kukitambua kisiwa kwa mji wake mkubwa ni desturi kongwe iliyoenea duniani kote. Mwanafunzi wa jiografia akitajiwa Palermo hujibu Sisili. Akitajiwa Havana hujibu Kuba, na akitajiwa Antananarivo hujibu Bukini. Pengine jibu halihitajiki kabisa, kwani mji na kisiwa huwa na jina moja, kama ilivyo Singapore, ambako hata dola imeingia katika jina hilo hilo. Desturi hii ina manufaa yake. Mabaharia na wafanyabiashara hawakuwa na haja ya kisiwa kizima. Haja yao ilikuwa bandari, maji ya kunywa, soko, na mtawala wa kupokea ushuru. Mahali palipokuwa na mambo hayo ndipo palipokuwa kisiwa kwao, na nchi iliyobaki nyuma ya mji ilikuwa ni miti tu ionekanayo kutoka baharini.

Upwa wa Afrika ya Mashariki, kuanzia visiwa vya Wabajuni hadi Ngazija, una mifano mingi ya desturi hii, na mifano yake ina uzito wa pekee kwa mtaalamu wa lugha. Sababu ni kwamba lahaja nyingi za Kiswahili hutajwa kwa visiwa: Kiunguja, Kipemba, Kiamu, Kipate, Kitumbatu, na Kimvita ambayo huelezwa kuwa ni lahaja ya kisiwa cha Mombasa. Majina haya yameingia vitabuni, yakachorwa katika ramani, yakafundishwa madarasani kana kwamba kila kisiwa kina watu wa usemi mmoja. Yakichunguzwa, baadhi yake, tena yaliyo mashuhuri zaidi, huonekana kuwa yametumika kutaja usemi wa mji mmoja tu. Mji umesema kwa niaba ya kisiwa, na mashamba hayakuulizwa.

Neno mji lenyewe lafaa kutazamwa kwanza. Katika Kiamu huwa mui, na wingi wake ni mii. Barawa, ambako si kisiwa, wenyeji huuita mji wao Mwiini, yaani mjini, na usemi wao ni Chimwiini. Kwao mji ulikuwa mmoja tu, basi hapakuwa na haja ya kuutofautisha na mwingine. Mombasa nako, mji haukuwa na maana ya majumba peke yake, bali jamaa ya watu wenye asili moja. Taifa moja la Waswahili wa huko ni mji, na mataifa yote kumi na mawili, yaani Thelatha Taifa na Tisa Taifa, ni miji kumi na miwili. Mji wa maana hii huweza kuhama. Watu wakiondoka, jina huondoka nao na kwenda kukaa pengine. Hapo ndipo matata yanapoanza, kwa kuwa kisiwa hakihami.

Waandishi wa Kiarabu wa zamani hawakuwa na kauli moja katika jambo hili. Al-Masudi, aliyesafiri kutoka Kanbalu kwenda Oman mwaka 916, aliitaja Kanbalu kuwa ni kisiwa ambacho miongoni mwa wakazi wake wamo Waislamu. Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, alikitaja Kisiwa cha Kijani, jina ambalo Waarabu walikiita kisiwa cha Pemba, akasema kina miji miwili, mmoja ukiwa na jina linalofanana na Mtambwe na wa pili lile linalofanana na Mkumbuu. Wataalamu kadha wameihusisha Kanbalu ya al-Masudi na Mkumbuu, ingawa si wote wakubalianao. Ikiwa mahusisho hayo ni sahihi, basi jina lililokuwa la kisiwa katika karne ya 10 lilikwisha kurudi kuwa la mji kufikia karne ya 13, kwa sababu mji mwingine ulikuwa umeinuka kando yake na hapakuwa na mmoja uliostahili kukibeba kisiwa peke yake.

Mfano wa Ibn Battuta wapendeza zaidi. Alipopita mwaka 1331 aliieleza Mombasa kuwa ni kisiwa kikubwa, akataja ndizi na malimau yake na misikiti yake iliyojengwa kwa mbao. Alipofika Kilwa aliiita mji mkubwa wa pwani, asiseme kwamba umo kisiwani. Ni msafiri yule yule, katika safari ile ile. Mombasa alilala usiku mmoja tu, na alichokiona ni nchi iliyozungukwa na maji; Kilwa alimkuta sultani, al-Hasan bin Sulaiman, na sifa za ukarimu wa mtu huyo zikamjaa hata bahari iliyouzunguka mji ikamtoka akilini.

Watu wa Kilwa wenyewe hawakukisahau kisiwa chao. Habari iliyohifadhiwa katika tarehe ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros naye aliichapisha kwa namna yake mwaka 1552, yasema kwamba Ali bin al-Hasan alikinunua kisiwa kwa nguo, na riwaya moja yaeleza kuwa zilikuwa nguo za kutosha kukizunguka. Kilichouzwa basi kilikuwa ardhi. Mji ulikuja baadaye. Katika karne ya 19 mambo yaligeuka. Kilwa Kivinje ilikua barani kwa biashara ya watumwa na pembe, na baadaye Kilwa Masoko nayo ikainuka, hata jina Kilwa likawa halitoshi kuonyesha mahali lilikotoka, ikalazimu kusema Kilwa Kisiwani. Mwenye jina ndiye aliyehitaji kuelezwa. Na usemi wa pande hizo haukupata kuitwa kwa jina la Kilwa katika orodha za wataalamu, huitwa Kimgao.

Mafia kulitokea jambo la ajabu zaidi. Mji mkubwa wa karne ya 19 haukuwa katika kisiwa kikubwa, bali katika Chole, kisiwa kidogo kilicho mkabala wake. Ukaitwa Chole Mjini, na kisiwa kikubwa kizima kikaitwa Chole Shamba. Kisiwa kikubwa kilifanywa shamba la kisiwa kidogo, kwa sababu tu mabwana wenye mashamba walikaa upande wa pili wa maji. Leo Kilindoni ndio mji mkubwa wa Mafia, na jina la Chole limerudi kwenye kisiwa chake kidogo lilikoanzia.

Katika visiwa vya Lamu desturi hii ina sura ya huzuni kidogo. Manda ni kisiwa chenye jina la mji uliokwisha kuwa magofu. Takwa, mji wa pili wa kisiwa hicho, nao ni magofu, na jina lake halikupata kisiwa cha kuliweka hai. Pate ni kisiwa kilichokuwa na miji mitatu mashuhuri, Pate, Siyu na Faza, pasipo kutaja Shanga iliyotangulia na kufa mapema. Hakuna hata mmoja wa mitatu hiyo uliokubali kuwa mtaa wa mwingine. Faza, ambayo wenyewe huiita pia Rasini, ilihujumiwa na Wareno mwaka 1587 na watu wake wakauawa, kisha ikajengwa upya. Siyu ilikuwa mji wa mafundi na wanachuoni, na katika karne ya 19 iliwasumbua masultani wa Unguja kwa miaka mingi kabla ya kushindwa. Pate, mji wa Wanabahani, ndio uliokuwa na nguvu kupita miji mingine kwa muda mrefu, na ndio uliokipa kisiwa jina. Nguvu hiyo ilivunjika baada ya vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, watu wa Lamu walipowashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa waliokuwa pamoja nao. Leo Pate ni kijiji, na tumbaku hulimwa katikati ya kuta zake zilizoanguka. Lakini ramani zaendelea kukiita kisiwa chote kwa jina lake.

Lau mtu angekwenda kisiwani humo akiamini ramani, angetarajia kukuta Kipate kila mahali. Atakuta Kipate mjini Pate, Kisiu Siyu, na Faza atakuta Kitikuu, usemi wa Wabajuni, ambao ndugu zake wa karibu wako katika visiwa vya kaskazini na barani, wala si katika mji wa Pate ulio katika kisiwa hicho hicho. Kwa watu wa Faza bahari haikuwa mpaka; mpaka ulikuwa njia ya miguu inayokwenda Siyu.

Hata hivyo, hakuna mahali ambapo jambo hili limekuwa na matokeo makubwa kama Unguja. Jina la Unguja ni kongwe. Yaqut aliliandika kwa umbo la Lanjuya. Kusini mwa kisiwa pako mahali paitwapo Unguja Ukuu, ambapo wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya mji wa biashara wa karne nyingi kabla ya Wareno. Sifa hiyo ya ukuu yatosha kuonyesha kuwa ulikuwapo wakati ambapo Unguja moja ilibidi kutengwa na Unguja nyingine. Mji wa sasa ulikua upande wa magharibi, kutoka Shangani, na haukuwa na ukubwa wa kutajika mpaka Sayyid Said bin Sultan alipouhamishia makao yake kutoka Oman katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Zanzibar, jina la pili, lilikwenda mwendo wa kinyume. Kwa Wafursi lilikuwa na maana ya pwani nzima ya watu weusi. Likafinyaa likawa la kisiwa, likafinyaa tena likawa la mji, kisha likatanuka kwa nguvu ya siasa likawa la usultani, na tangu mwaka 1964 ni jina la sehemu ya Jamhuri ya Muungano yenye Unguja na Pemba pamoja.

Askofu Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, jina la kitabu lilieleza kwamba ni lugha kama inavyosemwa Zanzibar. Halikueleza Zanzibar ipi. Kwa msomaji wa London suala hilo halikuwapo. Kwa kisiwa chenyewe lilikuwapo, tena kubwa. Wakati huo kisiwani mlikuwa na mamlaka zaidi ya moja: Sultani alikuwa mjini, na Mwinyi Mkuu alikuwa Dunga, akiheshimiwa na wenyeji wa kusini na mashariki, mpaka aliyekuwa wa mwisho alipofariki mwaka 1873, na watu wa Tumbatu na upande wa kaskazini walikuwa na masheha wao. Mji alimokaa Steere ulikuwa umejaa watu waliofika karibuni: Waarabu wa Oman, Wahindi, Wangazija, na maelfu ya watu walioletwa kwa utumwa kutoka Nyasa, Manyema na kwingineko. Kiswahili chao kilikuwa Kiswahili cha mji unaokua kwa wageni, nacho ndicho kilichofuatana na misafara hadi Tabora na Ujiji na kuvuka ziwa kuingia Kongo.

Nje ya mji, katika nchi ambayo watu wa mjini waliiita shamba bila kupambanua, palisemwa namna nyingine. Kusini na mashariki ilikuwa lahaja ya Makunduchi, iitwayo pia Kikae na, katika vitabu vya zamani, Kihadimu, jina ambalo wenyewe hawalipendi kwa kuwa asili yake ni neno la utumishi. Kaskazini ilikuwa Kitumbatu. W. H. Ingrams, ofisa wa Kiingereza aliyetumikia huko, alichapisha maelezo juu ya lahaja za usultani mwaka 1924, basi haiwezi kusemwa kwamba habari hizi hazikujulikana. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya shule na vitabu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930 ya kukisanifisha, kilichochaguliwa ni usemi wa mjini. Jina lililoandikwa lilikuwa la kisiwa.

Jambo hili si la majina tu, kama mfano mmoja wa sarufi uwezavyo kuonyesha. Katika Kiunguja cha mjini, na katika Kiswahili sanifu kilichotokana nacho, hali timilifu huonyeshwa kwa kiambishi -me-. Kimakunduchi kina namna nyingine, ambamo -me- haimo na irabu ya mwisho ya kitenzi aghalabu hufuata ile ya mzizi. Namna hiyo, kwa tofauti ndogondogo, yapatikana Pemba, yapatikana Vumba kusini mwa Mombasa, na yapatikana Mtang'ata katika pwani ya Tanga, ambako Wilfred Whiteley aliichunguza katika miaka ya 1950. Yaani katika jambo hili la kitenzi, mtu wa Makunduchi yu karibu na watu wa ng'ambo ya bahari kuliko na mtu wa Shangani anayeweza kumwendea kwa miguu. Mtaalamu akichora ramani ya lahaja kwa kufuata ufuo wa visiwa, mstari huu hauoni, kwa maana haupiti baharini. Wapita katikati ya kisiwa cha Unguja.

Matokeo yake yalikuwa mazito kwa watu. Mtoto wa Makunduchi aliyeingia shule alikuta kwamba lugha yenye jina la kisiwa chake si ya nyumbani kwao, na kwamba ya nyumbani kwao haina jina kitabuni isipokuwa kasoro. Ni karibuni tu, kwa kulinganisha na urefu wa historia, ambapo Baraza la Kiswahili la Zanzibar limetoa makamusi ya Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba. Na hata Kipemba chenyewe si kimoja, kwani Pemba haikupata mji wa kuimeza: Chake Chake, Wete na Mkoani zimegawana kisiwa, na usemi hutofautiana kutoka upande hadi upande.

Visiwa vya Ngazija na jirani zake vyafaa kulinganishwa hapa, ingawa kwa ufupi, kwa kuwa ndimi zake ni ndugu wa Kiswahili wala si lahaja zake. Mtu aulizwapo mji mkubwa wa Ngazija husema Moroni. Wa Nzuani, Mutsamudu. Wa Mwali, Fomboni. Wa Maore, Mamoudzou. Lakini hakuna mmoja wa miji hiyo ulioipa lugha jina. Kuna Shingazija, Shinzuani, Shimwali na Shimaore, na yote manne ni majina ya visiwa hasa. Huenda sababu ni kwamba Ngazija ilikaa muda mrefu na masultani wengi waliopigana wao kwa wao, na Nzuani ilikuwa na Domoni, mji mkuu wa kale, kabla ya Mutsamudu kuipita. Ukuu wa Moroni na Mamoudzou ni jambo la utawala wa Kifaransa na la karne ya 20. Ulikuja wakati majina ya ndimi yalikwisha kukaa.

Mombasa husimuliwa kama upande ulioshindwa mwaka 1928. Johann Ludwig Krapf alifika huko mwaka 1844, na kamusi yake ilitoka mwaka 1882; W. E. Taylor, aliyekusanya methali na kusaidia kuhifadhi tungo za Muyaka bin Haji, aliamini kwamba Kimvita ndicho Kiswahili bora kwa uandishi. Wako wengi nchini Kenya ambao mpaka leo huona kuwa lugha ya Muyaka ilidhulumiwa, na hoja yao ina nguvu. Lakini mabishano hayo yameendeshwa kana kwamba ni ya kisiwa dhidi ya kisiwa, hali ilikuwa ni mji dhidi ya mji. Mvita ni jina la mji mmoja. Wamvita ni taifa moja kati ya Tisa Taifa, na wenzao wamo Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza na Washaka, ambao majina yao ni ya miji waliyotoka, mingine ikiwa mbali na Mombasa. Thelatha Taifa nao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Kilindini ulikuwa mji mwingine katika kisiwa hicho hicho, upande wa magharibi, ambao Wareno waliuandika katika ramani zao kwa jina la Tuaca. Watu wake walihamia baadaye karibu na Mvita, mji wao wa kwanza ukaachwa.

Wataalamu waliochunguza lahaja mwanzoni mwa karne ya 20, Stigand akiwa miongoni mwao mwaka 1915, walitofautisha usemi wa upande wa Kilindini na Kimvita, wakauita Kingare. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala nao waliutaja katika historia yao ya Kiswahili ya mwaka 1977. Baada ya hapo hutajwa katika orodha, mstari mmoja, na orodha inayofuata huunakili mstari huo. Wakati huo huo jina la Kilindini limezidi kukua: tangu gati za maji marefu zijengwe huko katika miaka ya 1920, hakuna baharia afikaye upwa huu asiyelijua. Na mji wa Mombasa nao umekwisha kukizidi kisiwa chake, kwani Likoni, Changamwe na Kisauni ziko barani na zote ni Mombasa. Wachangamwe, Wajomvu na Wakilindini wangali wapo, na wazee wao wajua ni nani husema vipi. Kingare hakihitaji safari ya mbali; chahitaji mtu wa kwenda na kuwauliza.